Uliza kwanza atazikwa na nani: safari ya Unguja na Pemba

Hii ni kumbukumbu ya safari ya mwishoni mwa Julai, kusi likivuma, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuelewa jinsi kundi linavyomjenga mtu: mwalimu, mwanafunzi wa chuo, ofisa wa mradi, hata sheha mgeni, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji huku Zanzibar. Njia inatoka Mji Mkongwe hadi Paje na Makunduchi, inavuka bahari hadi Mkoani kisiwani Pemba, inaingia Kisiwa Panza na mashamba ya karafuu, na inaishia Misali. Kila kituo kimechaguliwa kwa sababu tabia ya watu inaonekana wazi pale kuliko mahali pengine.

Alhamisi. Mji Mkongwe, baada ya alasiri

Kuanzia saa kumi jioni mabaraza yanaanza kujaa. Baraza la mji ni la mawe na chokaa, limeungana na ukuta wa nyumba, kimo chake ni cha goti. Muuza kahawa anapita na dele lake, makaa chini, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigongana vidoleni mwake. Wengine wako kwenye bao, wengine kwenye dhumna. Mgeni anayekuja kuangalia tabia akae hapo saa mbili kamili, anunue kahawa na kashata, daftari likae mfukoni. Kalamu ikitoka tu, watu wanaanza kuongea na kalamu.

Mambo ya kushika akilini ni haya: nani kafika na kusalimu vipi, nani kasogea kumpisha mwenziwe, nani kakatizwa maneno, na mazungumzo yaligeuka pale alipotokea nani. Anayekuja ndiye anayetoa salamu kwa waliokaa, hata kama ni mtu mzima kuliko wote. Kisha shikamoo inakwenda kwa mpangilio wa umri, mdogo ndiye anayeanza. Kwa muda wa robo dakika kila mtu amekwisha kujua nafasi yake, na hakuna aliyeamrishwa. Ukitoka hapo nenda mtaa wa pili ndipo uandike, kabla hujazungumza na mtu mwingine.

Kosa kubwa la watafiti wageni ni kuuliza swali barazani na kuhesabu majibu. Mzee akishasema, walio karibu wanaongeza neno juu ya neno lake, vijana wanaitikia, na mtafiti anaandika watu kumi na wawili wana maoni hayo. Kumbe amehesabu sauti ya mtu mmoja mara kumi na mbili. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 1951, Marekani, Solomon Asch aliwakalisha watu katika vikundi vidogo walinganishe urefu wa mistari, kazi ambayo mtoto anaiweza. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wameshapangwa watoe jibu la uongo. Yule mmoja aliufuata uongo karibu theluthi ya nyakati, na kiasi cha watu watatu kati ya wanne waliufuata japo mara moja. Lakini akipatikana mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kulishuka sana. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina hiyo kutoka nchi 17 wakaona kwamba kufuata kundi kunazidi pale ambapo mtu huhesabiwa kwanza kwa jamaa na jamii yake.

Kwa hiyo kazi hapa ifanywe hivi. Wazee wakae peke yao, vijana peke yao, wanawake peke yao, na wanawake waongozwe na mwanamke. Uliza swali, watu wainue mikono, andika hesabu. Kisha kila mmoja apewe punje moja ya mahindi na moja ya maharage, apite nyuma ya pazia la kanga, atumbukize moja ndani ya mtungi na nyingine aitie mfukoni. Maharage ni ndiyo, mahindi ni hapana. Changanya punje kwenye sinia mbele yao ndipo uhesabu. Tofauti kati ya mikono na punje ndiyo kipimo cha nguvu ya kundi juu ya jambo lile. Pasipo tofauti, basi watu wanaamini wanalosema. Pakiwa na tofauti kubwa, usikimbilie kuwaita waongo wala waoga. Mtu anayefuata wenzake barazani anajua anachokinunua, na siku inayofuata inaonyesha ni kitu gani.

Ijumaa. Bado mjini, msibani

Tangazo la kifo linatoka kwenye kipaza sauti cha msikiti: jina la marehemu, baba yake, mtaa, na wakati wa maziko. Maziko hayacheleweshwi, aliyefariki asubuhi mara nyingi anazikwa siku hiyohiyo. Ijumaa, baada ya sala, jeneza likitoka msikitini njia nzima inabadilika. Muuza duka anatoka nje. Pikipiki inasimama.

Simama ukutani uangalie mabega. Jeneza halibebwi na watu wanne mpaka makaburini. Linapokezwa: mtu anaingia mbele, anabeba hatua chache, anatoka pembeni, mwingine anakuwa keshaingia chini ya mti wa jeneza, na jeneza linakwenda mbio bila kusimama huku kalima ikisomwa. Mpita njia asiyemjua marehemu anaingia naye, anabeba hatua zake, anarudi kwenye shughuli yake. Kaburini kila mmoja anatia teko tatu za udongo. Hakuna orodha ya zamu, na hakuna anayekosa zamu.

Upande wa wanawake kazi ni ndefu zaidi na haionekani barabarani. Kuna wanaokaa na wafiwa, kuna wanaochambua mchele, kuna anayeshika daftari la michango. Mtafiti mwanamume hawezi kuiona nusu hii, na ripoti nyingi juu ya jamii za pwani zimeandikwa bila hiyo. Siku ya tatu inasomwa hitima, watu wanakula, na daftari linafungwa. Daftari lile ni kumbukumbu ya deni lisilodaiwa kwa mdomo: aliyeleta mchele kilo tano kwa jirani, siku yake ikifika, mchele utakuja.

Hapa ndipo ufunguo wa safari hii ulipo. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Unguja au Pemba anafanya anavyofanya, usianze kuuliza ana tabia gani au sheria inasema nini. Uliza atazikwa na nani. Kundi linaloweza kukunyima mabega siku hiyo lina nguvu juu yako kuliko polisi, na kila mtu mzima visiwani analijua hilo bila kufundishwa darasani.

Nguvu hiyo ina upande mchungu, na asiyeutaja anadanganya. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana kwa misingi ya vyama, zaidi Pemba. Jirani hakuzikwa na jirani, duka la mtu wa chama kingine lilikosa wateja, harusi zikavunjika. Watu walewale waliokuwa wakipokezana jeneza walibaki ndani milango imefungwa. Hawakuwa wamebadilika roho usiku mmoja. Kilichobadilika ni mpaka wa kundi, na ule uwezo wa kunyimana, uliokuwa ukilinda adabu ya mtaa, ukageuzwa silaha ya chama. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani CUF, walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipita kwa asilimia 66.4. Viongozi waliposhikana mikono hadharani, mtu wa kawaida alipata ruhusa ya kwenda msibani kwa jirani yake bila kuitwa msaliti na wenzake. Kususiana kulirudi baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Anayefanya kazi ya jamii vijijini aulize mapema, faraghani, nani hazikani na nani. Bila kulijua hilo atawakalisha watu katika kamati moja na kamati itakufa kwenye kikao cha pili.

Jumamosi. Paje, bahari imekupwa

Daladala namba 309 ndiyo ya Jambiani, inapita Paje. Ndani yake mtoto wa mtu usiyemjua anapakatishwa kwako bila mazungumzo, na mzigo wako unapita mikono minne kabla hujaketi.

Tarehe ya kituo hiki ipangwe kwa mwezi. Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo maji hukupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi. Ukija maji mafu hutaona mtu pwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989. Vigingi vya mti vinachongwa ncha na kupigwa mchangani, kamba ya nailoni ya mita nne au tano inavutwa baina ya vigingi viwili, na juu ya kamba zinafungwa taitai, vijikamba vidogo vyembamba, kila baada ya shubiri moja hivi. Kila taitai inashika mche wa mwani. Wiki sita baadaye unavunwa, unaanikwa siku mbili au tatu, na kilo saba mpaka kumi mbichi hutoa kilo moja kavu. Zipo aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ina bei nzuri lakini haistahimili joto: matawi yanapauka, yanakuwa meupe kama barafu, yanakatika na kuchukuliwa na maji. Chanzo ni maji ya kina kifupi kupata joto kupita kiasi, au mvua kubwa kupunguza chumvi. Mmea ukidhoofika vijidudu vinaumalizia.

Wakulima wengi mno ni wanawake, na swali la kujiuliza ni kwa nini tabia hii mpya ilishika upesi hivyo kwenye vijiji ambavyo baadhi ya waume hawakutaka wake zao wafanye kazi ya fedha. Jibu liko mchangani. Kabla ya mwani wanawake wa pwani hii walikuwa tayari wanashuka kwa makundi wakati wa kupwa, kutafuta pweza na chaza, na kufukia makumbi ya nazi ili wapate usumba wa kusukia kamba. Mwanamke kuonekana pwani na wenziwe halikuwa jambo la kuulizwa. Mwani ulipita kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Bei iliposhuka wanaume wengi waliojaribu waliacha, wanawake wakabaki, kwa sababu kundi lao lingekuwa pwani vilevile, na kamba za jirani zilikuwa palepale kando.

Sasa tazama mila ileile inavyofunga mlango. Maji ya kina kifupi yanazidi joto, na dawa inayopendekezwa ni kuupeleka kotoni maji ya kina kirefu kwa maboya na mashua. Kuogelea na kuendesha chombo ni mambo waliyofundishwa wavulana na kundi lao; wasichana wachache sana waliyapata. Mradi unaoleta mashua bila kuleta masomo ya kuogelea, tena yanayofundishwa na wanawake na kwa mavazi ya heshima, utaishia mikononi mwa wanaume, na hapatakuwa na njama ya mtu yeyote.

Fedha ya mwani nyingi inazunguka kwenye upatu. Chukua mfano wa wanawake kumi, kila mmoja shilingi 5,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anachukua 50,000, na baada ya wiki kumi duru imekamilika. Hakuna mkataba. Kinachoharibika hujulikana: aliyepokea mwanzo anaacha kulipa. Kwa hiyo vikundi vinavyodumu huwapa zamu za mwanzo wenye mama na nyumba kijijini, na mgeni aliyeolewa juzi anawekwa mwishoni mpaka aonekane kwenye misiba miwili mitatu. Ukiona upatu umevunjika, angalia zamu mbili za kwanza zilikwenda kwa nani.

Jumapili. Makunduchi, Mwaka Kogwa

Sherehe hii huja Julai, kwa hesabu ya mwaka wa jua iliyotoka Uajemi. Uwanjani kinajengwa kibanda cha makuti, mzee anaingia, kinatiwa moto, naye anachomoka mbio. Kabla ya hapo wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, wanapigana kwa vigogo vya migomba. Wanawake wamejipamba, wanazunguka wakiimba nyimbo za kuwasema wanaume, maneno ambayo siku nyingine yangezua kesi kwa sheha.

Mara nyingi huelezwa kwamba hasira za mwaka mzima zinatoka siku hiyo. Maelezo hayo yanapendeza, lakini uchunguzi wa saikolojia hauyaungi mkono: mtu aliyekasirika akipiga kitu, kwa kawaida hasira haipungui na huenda ikazidi. Kinachofanya kazi Makunduchi ni mipaka. Silaha ni ya aina moja, laini na yenye maji, inauma lakini haivunji. Mahali ni pamoja. Muda ni mfupi, na moto unaumaliza. Pande zimejulikana tangu mababu, kwa hiyo hakuna anayechagua adui wake mwenyewe. Kisha kila nyumba inapika, na inahesabiwa mkosi kukosa mgeni siku hiyo, hivyo aliyekupiga asubuhi anaweza kuwa ndiye anayekula kwako mchana.

Mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 wa miaka 11 na 12 katika kambi moja jimbo la Oklahoma. Makundi mawili, mashindano machache, na uadui ukawaka mpaka bendera zikachomwa. Kuwakutanisha tu mezani hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowatuliza ni shida ambazo upande mmoja usingeziweza, kama maji ya kambi kukatika na gari la chakula kukwama. Henri Tajfel, Bristol, alionyesha mwaka 1971 kwamba hata mashindano si lazima: wavulana waligawanywa kwa jambo dogo kabisa, kupenda picha za mchoraji huyu au yule, na tayari walipendelea upande wao katika kugawa pesa. Kwa hiyo pande mbili za Makunduchi zisimshangaze mtu. Kugawanyika ni rahisi kila mahali. Kazi ngumu ni ile ya kuupangia mgawanyiko siku yake, silaha yake na mwisho wake, na Makunduchi wanaifanya kila mwaka.

Mgeni asipige picha za wanawake bila idhini, na asiingie kwenye mapambano kwa kujifurahisha. Akikaribishwa chakula akubali, hata kama ni nyumba ya tatu.

Jumatatu. Boti ya Mkoani

Kusi likivuma bahari ya Pemba inachafuka. Kula kidogo, kaa katikati ya boti, mfuko uwe karibu. Siku hii ni ya kusafisha daftari. Futa kila sentensi inayoanza na "Wapemba ni" au "Waunguja ni". Andika badala yake nani, mahali gani, mbele ya nani, alifanya nini. Mtu yuleyule anayeitwa mkali nyumbani ni mpole dukani kwake Dar es Salaam, kwa kuwa macho yanayomtazama ni mengine.

Ukishuka Mkoani salimia kila unayempita njiani. Pemba nyumba zimetawanyika vilimani baina ya mikarafuu na michungwa, na habari ya mgeni asiyesalimu inafika kijijini kabla yake.

Jumanne. Chokocho na Kisiwa Panza

Mashua za Kisiwa Panza zinaondokea Chokocho. Anza kwa sheha, na kibali mkononi. Kisha kamati ya uvuvi. Kisha, bila kuruka, wazee wa msikiti na viongozi wa wanawake wanaokwenda pwani. Ukiruka mmoja hakuna atakayekukatalia, ila majibu yatakuwa mafupi.

Watu wa hapa wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi mitatu pweza asivuliwe. Kibaiolojia hesabu ni nyepesi: pweza anaishi kiasi cha mwaka mmoja au kidogo zaidi, anakua haraka mno, na jike hutaga, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Kumwacha miezi mitatu kunaongeza uzito wa kila mmoja na kuwapa wengine nafasi ya kutaga. Ugumu wote uko kwa watu. Pweza aliye mwambani ni wa kila mtu, na anayejizuia leo anaweza kumwona mwingine akimbeba kesho.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizoweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi, misitu, malisho, mifereji, na akaona mambo yanayojirudia. Mipaka iko wazi, ya mahali na ya watu. Sheria zinatungwa na wanaozifuata. Walinzi wanatoka miongoni mwao. Adhabu inaanza ndogo na kupanda. Pana mahali pa karibu na pa rahisi pa kusuluhishia ugomvi. Na serikali inatambua haki yao ya kujipangia. Chukua mambo haya uyaulize moja moja kijijini, kwa maswali ya vitu: alama ya mpaka ni jiwe gani, mlinzi wa jana usiku alikuwa nani, mara ya mwisho aliyekamatwa alifanywa nini.

Yanayoharibika nayo yanajulikana. La kwanza ni siku ya kufungua. Watu wanamiminika, wanakanyaga matumbawe, wanachukua mpaka wadogo, na kwa kuwa wote wanauza siku moja mnunuzi anaishusha bei anavyotaka. Dawa ni kukubaliana na wanunuzi kabla, kukataa pweza aliye chini ya nusu kilo mizanini, na kufungua kwa awamu. La pili ni wanawake wasio na chombo. Mwamba wa karibu ukifungwa wote, mwanamume mwenye ngalawa anakwenda mbali, mwanamke anayetembea kwa mguu anarudi mikono mitupu miezi mitatu. Lazima kipande kinachofikika kwa mguu kibaki wazi. La tatu ndilo gumu: mlinzi anamkuta binamu yake. Akimripoti, ukoo utamnunia. Akinyamaza, kijiji kitajua. Walinzi wawekwe wawili wawili kutoka familia tofauti, ili lawama isimwangukie mmoja. La nne ni wavuvi wa vijiji jirani, ambao hawakukaa kwenye kikao na hawana wa kumwonea haya pale. Kwao faini peke yake haifui dafu mpaka wazee wa vijiji viwili waonane.

Jumatano. Mashambani, karafuu

Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Inachumwa kikonyo kizima kabla ua halijafunguka. Matawi yake ni mepesi kukatika, ndiyo maana watu huanguka. Mchumaji anavuta tawi kwa upembo na hasimami penye tawi jembamba kwa tamaa ya kilo moja.

Uangalie uchambuaji, usiku, uani. Wanawake na watoto wamekaa duara, gunia limemwagwa katikati. Kikonyo kinashikwa kwa mkono mmoja, kinasukumwa na kuzungushwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo upande ule. Asubuhi karafuu zinatandazwa kwenye majamvi siku tatu mpaka tano, zinageuzwa, na mvua ikitisha zinakusanywa mbio. Zikirundikwa mbichi zinapata joto, zinavunda na kugeuka mpeta, na bei inaanguka. Karafuu iliyokauka inavunjika ikikunjwa. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta.

Mwendo wa mikono kwenye duara lile unalingana bila anayehesabu. Mmoja akichangamka wote wanachangamka. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa watu wengine kunaongeza kasi ya kazi mtu aliyoizoea na kunaharibu ile asiyoizoea. Basi mtoto anayejifunza kuchambua asishindanishwe mbele ya wakubwa. Akae karibu na mama, aone, na ahesabiwe baadaye.

Karafuu inafundisha pia kwamba kundi si kila kitu. Kwa miaka mingi karafuu za magendo zilivuka usiku kwenda Kenya, adhabu kali ikiwepo, na vijiji havikumwona mvushaji kuwa mwizi, maana bei ya serikali ilionekana dhuluma. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipandishwa sana na sera ikawa kumpa kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua. Khutba, vitisho na kamati havikuweza peke yake kilichowezwa na mizani ya haki. Mtu anayeeleza kila kitu kwa neno utamaduni aje kwanza aulize bei.

Alhamisi. Wesha hadi Misali

Misali iko magharibi ya Chake Chake, na vyombo vinatokea Wesha. Wavuvi wengi hupiga dago pale, yaani kambi ya uvuvi, siku kadhaa, kila kundi na chungu chake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhiri alifika Pemba akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, naye akasali juu ya kisiwa hiki kilichoelekea kibla. Mwaka 1998 kikafanywa eneo la hifadhi.

Sheria ilikuwepo, doria ilikuwepo, na bado baruti na nyavu haramu zilitumika. Kuanzia 1999 mafunzo ya kutunza bahari yakapitishwa pia misikitini na madrasa: mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, Mwenyezi Mungu ameweka mizani, na uharibifu ni dhambi. Aya hizo wavuvi walizijua tangu chuo cha Kurani. Uzito ulitoka kwa anayezisema. Khatibu ni yule anayewaozesha watoto wao na kuwasalia maiti zao, na mvuvi hawezi kumkwepa kama anavyomkwepa mtu wa boti ya doria.

Lakini wako wanaotoka mbali, ambao msikiti wao hauko Pemba ya kati. Ujumbe uwafuate walikotoka, kwa khatibu wao. Ukibandikwa ufukweni Misali kwa ubao wa rangi, wataupita.

Jioni, kabla ya kuondoka Pemba, rudisha ulichokiona. Kisome kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wanaume na mbele ya wanawake, vikao viwili, bila kutaja jina la mtu. Acha nafasi wabishe. Patakapopingwa, andika pingamizi kama lilivyo na useme limetoka kikao kipi. Wanawake wakikataa jambo ambalo wanaume wamelikubali, yaache yote mawili kwenye ripoti. Nakala moja ibaki kwa sheha, nyingine kwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, na namba yako ya simu iandikwe juu ya zote mbili.